Mbwa wa Kujazia Nafasi

Wewe uliinua mkono. Usijitie hamnazo. Kikao kilikuwa Jumatano jioni katika darasa la mwisho la shule ya msingi, watu wazima mmejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nesi alipouliza nani atapanda mlima Jumapili, mikono arobaini na mmoja ilikwenda juu, na wako ukiwemo. Jumapili saa moja asubuhi, nyuma ya tangi la maji pale njia inapoanzia, walisimama watu watatu. Wewe ulifungua pazia, ukauona mlima uko palepale ulipouacha, ukafunga pazia.

Basi kaa usikilize walivyokwenda, maana hukuwepo.

Wa kwanza kufika alikuwa Fundi, mchora mabango. Unasema humjui? Duka la dawa unakonunua dawa ya kichwa, bango lake ni kazi yake. Mlango wa choo cha stendi ulioandikwa WANAUME kwa rangi ya buluu ni kazi yake pia. Nusu ya mji huu husoma mkono wa Fundi kila siku bila kumpa hata salamu. Kwenye kile kikao ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote. Alisimama juu ya dawati, akanyoosha kidole kuelekea mlimani, akatangaza: "Yeyote aliyemsaidia yule bwana anayetaka kuifunga njia, hata kwa kumshikia ngazi, asikanyage tena mtaani kwetu!" Mlipiga makofi. Makofi mnayaweza.

Wa pili alikuwa Nesi wa chumba cha majeruhi, mwanamke anayetembea haraka hata anapokwenda kulala. Amesoma na Fundi tangu darasa la kwanza na bado anamkosoa anavyofunga kamba za viatu. Alibeba mkoba wenye sabuni, bandeji, maji, na nakala ya tangazo la baraza la mji ndani ya mfuko wa plastiki.

Wa tatu alikuwa Kinyozi, mume wa dada yake Fundi. Alibeba mayai kumi na mawili ya kuchemsha, mkate mzima, na kiti cha kukunja.

"Kiti cha nini, shemeji?" Fundi aliuliza.

"Cha kukalia."

"Tunapanda mlima."

"Ndiyo maana nimekibeba. Siku sita nasimama nikizunguka vichwa vya watu. Ya saba nakaa, popote itakaponikuta."

Nesi aliangalia saa, akaangalia barabara tupu. "Wengine wako wapi?"

"Wameingia mitini," Kinyozi alisema. "Jana nimenyoa wanane kati yao. Wote wananiambia, sijui mtoto ana homa, sijui mgeni anakuja. Mmoja tu alisema kweli: kule juu kuna mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa tu. Kila mtu amesikia kutoka kwa mtu."

Fundi alitikisa kichwa kwa dharau. Waliwangoja wengine mpaka saa sita mchana, hakutokea mtu, ndipo wakaanza kupanda.

Tukumbushane njia hii ni ya nani, kwa kuwa mji huu umegeuza kusahau kuwa kazi yake. Ina ngazi mia tatu na kumi na mbili za mawe. Hakuna serikali iliyoweka hata moja. Ziliwekwa mwaka ule bomba lilipokufa miezi saba na watu wakawa wanafuata maji kwenye chemchemi ya juu. Kila nyumba ilibeba jiwe lake na kuweka ngazi yake. Baba yake Fundi aliweka moja. Mama yake Nesi aliweka mbili, ya kwake na ya jirani aliyesema mgongo unamuuma, ambaye jioni ileile alionekana harusini akicheza mpaka chini. Jirani huyo ana wajukuu sasa, nao waliinua mikono Jumatano.

Miaka yote hiyo watu walipanda kwa raha zao: wachumba, wagonjwa walioambiwa wafanye mazoezi, wanafunzi waliotoroka hesabu. Halafu akaja Mwenye Majumba, akanunua ubavu mzima wa mlima, akaanza kujenga nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, na njia ikawa inampitia uani. Akaenda baraza. Baraza likafungua vitabu vyake likakuta kifungu: njia isiyopitwa na mtu siku tisini imekufa, na mwenye ardhi anaweza kuizika. Ili ihesabiwe hai, watu wasiopungua watatu waandikwe na mlinzi wa lango la juu, katika daftari la baraza, kabla ya saa kumi alasiri. Jumapili ile ilikuwa siku ya tisini. Na watu walikuwa watatu, hakuna wa akiba.

Mpaka ngazi ya mia walikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba Kinyozi alikaa mara nne tu. Kila akikaa anakula yai. Nyasi zilikuwa zimemeza kingo za njia, vipepeo weupe wanapita, na mlio wa mji ulikuwa umeshuka ukawa kama redio ya chumba cha pili. Nesi alitaja majina ya ngazi: hii ya fundi viatu, hii ya wale mapacha, hii imepinda kwa sababu waliiweka huku wakigombana.

Kwenye kona, penye ngazi ya mia na arobaini, Nesi aliyetangulia akasimama ghafla hata Kinyozi akamgonga kwa kiti.

Lilikuwa bango kwenye nguzo mbili za chuma. Juu, kwa herufi nyeusi zilizonyooka: MARUFUKU KUPITA. Katikati: MALI BINAFSI. Chini, kwa nyekundu: MBWA WAKALI. Na pembeni mwa maneno hayo kichwa cha mbwa, mdomo wazi, ulimi nje.

Fundi aliyekuja nyuma akihema alilitazama. Lilikuwa lake.

Miezi mitatu nyuma dereva mmoja wa miwani ya jua alimletea ubao na kikaratasi. Kikaratasi kilikuwa na mistari miwili tu. Fundi hakuuliza bango linakwenda wapi, huwa haulizi. Alipima, akapiga mistari ya penseli, akaandika, akarudi nyuma hatua tatu akafumba jicho moja. Theluthi ya chini ilikuwa tupu. Mtu mwingine angeiacha. Fundi hawezi. Ubao mtupu chini humfanya ajione kama mtu aliyevaa koti bila suruali. Akaongeza MBWA WAKALI, na kwa kuwa rangi nyekundu ilibaki kwenye kopo, akaongeza na mbwa mwenyewe. Dereva aliporudi alishangaa. "Mbona mbwa hatuna?" Fundi akamwambia hao ni wa bure, bila wao bango lingeonekana linaanguka mbele.

Na sasa nguzo ya kushoto ilikuwa imechimbiwa kwenye ngazi ya baba yake. Jiwe lilikuwa limepasuka katikati.

"Basi ni kweli," Nesi alisema taratibu. "Mbwa wapo."

"Hawapo," alisema Fundi, haraka mno.

"Unajuaje?"

"Husikii? Kimya. Na hakuna kinyesi popote."

"Mbwa wa tajiri haendi haja ovyo," Kinyozi alisema, akikunjua kiti.

"Sikilizeni," Nesi alisema. "Mimi siogopi damu, siogopi maiti, siogopi hata mkuu wa hospitali. Lakini wiki iliyopita nimesafisha paja la mtu aliyeng'atwa. Robo saa nzima, sabuni na maji yanayotiririka, na yeye anamwita mama yake, mtu mwenye mvi. Halafu sindano. Na sindano zenyewe zimekwisha stoo mpaka mwezi ujao. Hapo mnanielewa?"

"Bila wewe tunabaki wawili, dada," Fundi alisema. "Wawili hawatoshi."

"Wawili wazima, kaka."

Kinyozi, aliyekuwa akimenya yai, aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. "Hebu tazameni. Huyu kweli ni mbwa? Mimi namwona mbuzi aliyekasirika."

"Mbuzi ana pembe!" Fundi aliruka.

"Zimekatwa."

"Na taya je? Umeona wapi mbuzi mwenye taya kama hilo? Na kivuli hapo chini ya sikio hukioni? Kivuli kile kimechukua saa nzima!"

Upepo ulipita. Nesi alimtazama Fundi kwa jicho analomtazamia mgonjwa anayesema hajala kitu kabla ya upasuaji.

"Kinaonekana kimechukua saa nzima," Fundi alimalizia, sauti ikimshuka. "Mtu wa kazi anajua."

Saa nane ikapita. Fundi alirusha mawe vichakani, hakikutoka hata panzi. Alijitolea kwenda peke yake kuchungulia. Nesi akasema mbwa mwenye akili humwacha wa kwanza apite. Fundi alimwomba shemeji yake amsaidie maneno. Shemeji akasema magoti yake yameshatoa uamuzi tangu ngazi ya tisini. Saa nane na nusu Nesi alifunga mkoba, akasema pole sana, tumejaribu, akaanza kushuka.

Fundi alibaki anamwangalia. Ngazi moja, mbili, tano. Ilikuwa rahisi kabisa. Angenyamaza, wangerudi nyumbani kwa amani, njia ingekufa, na mtaa ungemkumbuka kama mtu aliyesimama juu ya dawati akasema kwa ukali. Ngazi ya kumi. Ya kumi na mbili. Akatazama lile jiwe lililopasuka. Baba yake alilibeba kichwani, na hakuwa mtu mkubwa.

"Dada!" alipiga kelele. "Mbwa hawapo! Niliwaweka mimi!"

Nesi aligeuka. "Uliwaweka wapi?"

"Hapo. Chini. Ubao ulikuwa na nafasi."

Akawaeleza yote: dereva, kikaratasi, theluthi ya chini, kopo la rangi. Alieleza akitazama viatu vyake. Alipomaliza, Kinyozi alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, halafu kiti kikamwangusha akaendelea kuchekea chini kwenye nyasi. "Aliyeshika ngazi! Asikanyage mtaani! Shemeji, utahamia wapi? Kwangu hakuna chumba, dada yako ataniua!"

Nesi hakucheka. Alipanda zile ngazi kumi na mbili bila haraka, jambo la kutisha kwa mtu kama yeye, akamchapa Fundi begani kwa mkoba. Chupa za maji zilikuwemo.

"Karibu watu arobaini wamelala majumbani kwa sababu yako."

"Najua."

"Siku tisini!"

"Najua, dada."

"Na yule kweli anafanana na mbuzi." Akashusha pumzi. "Tangulia. Ukikosea na wakiwepo, wamng'ate baba yao kwanza."

Wakapita bango. Mia na sitini, mia mbili, mia mbili na thelathini. Kinyozi, ambaye kicheko kilimlegeza magoti, alipanda haraka kuliko alivyopanda siku nzima. Ilipofika saa tisa na robo ukuta mpya mweupe ukaonekana juu, na lango la chuma.

Nyuma ya ukuta, mbwa akabweka.

Nesi alimshika Fundi shati kwa nyuma. Kinyozi akanyanyua kiti kama ngao. Mbwa akabweka tena, mara tatu, kwa sauti nzito. Fundi akarudi nyuma ngazi moja. Akaona akilini mambo mawili kwa pamoja, meno na uso wa Nesi, akashindwa kujua amwogope nani zaidi.

Mbwa akabweka mara ya tano, ikakatika katikati, ikafuatiwa na kikohozi kirefu, kikavu, na mtu kutema.

Mkono wa Nesi uliachia shati.

"Mbwa huyu ana mafua," Kinyozi alinong'ona.

"Hicho ni kikohozi cha wiki tatu," Nesi alisema, na mwendo wake wa wodini ukamrudia. Alimpita Fundi, akasukuma lango. "Wewe! Toka huko, nikusikilize kifua."

Nyuma ya nguzo alichutama mwanamume wa makamo mwenye koti la mlinzi, shali shingoni, daftari la jalada gumu mapajani, uso umemshuka kwa aibu. Walitazamana. Hakuna aliyejua salamu inayofaa hapo.

"Karibuni," alisema mwishowe.

"Ni wewe uliyekuwa unabweka?" Kinyozi aliuliza.

"Ni kazi." Alikohoa tena. "Bosi alikuja kuangalia bango, akalisoma, akasema bango limesema kuna mbwa, basi mbwa wasikike. Nikamwambia anunue. Akasema mbwa wanataka nyama kila siku, na mimi nipo tu. Nikisikia miguu, nabweka. Ni miezi mitatu sasa. Nyumbani nimewaambia ni vumbi la saruji."

Nesi alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono. Fundi alisogea mbele. Wenzake wawili walimtazama wakingoja, na akaona kwamba kukiri mara moja hakukutosha.

"Bwana mlinzi," alisema, "lile bango nimeandika mimi. Na mbwa hawakuwemo kwenye karatasi. Niliwaongeza. Palikuwa na nafasi."

Mlinzi alilegeza shali shingoni. "Palikuwa na nafasi," alirudia.

"Chini."

"Mimi nabweka siku themanini na tisa. Mvua, jua. Mke wangu ananiuliza mbona nanguruma usingizini. Kwa sababu wewe uliona pana nafasi?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Lakini tuandike. Tuko watatu, saa kumi bado."

Mlinzi alifungua daftari. Kurasa zilijaa tarehe, na mbele ya kila tarehe neno moja: hakuna, hakuna, hakuna. Akatoa kalamu mfukoni, akaitazama, akaifunga.

"Nikiandika, bosi atanifukuza. Hilo liko wazi. Nisipoandika, nitabweka mpaka nife. Sasa, nitaandika. Daftari ni la baraza, si la bosi, na kubweka hakumo kwenye barua yangu ya kazi, nimeisoma mara mbili. Lakini kwanza," akamnyooshea Fundi kalamu, "ubweke."

"Nini?"

"Bweka. Nikusikie."

Fundi alimtazama Nesi. Nesi alikuwa anaangalia saa. "Saa tisa na dakika thelathini na mbili," alisema.

Fundi alijikaza kisabuni, akatazama mbali, akatoa sauti ndogo.

"Hiyo ni ya mtoto wa mbwa," mlinzi alisema.

"Toa tumboni, shemeji!" Kinyozi alikwishakaa kwenye kiti chake. "Bango limesema wakali!"

Fundi alibweka. Mtu wa miaka hamsini na minne, baba wa watoto watatu, mwenye penseli sikioni, alisimama ukingoni mwa mlima na kuubwekea mji mzima mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alibweka mara saba. Mara ya nane mlinzi alinyanyua mkono, akasema inatosha, na machozi ya kicheko yakamchanganyikia na kikohozi. Kisha akaandika, taratibu, majina matatu na saa: tisa na thelathini na sita. Fundi aliusoma mwandiko ule kichwa chini. Ulikuwa mbaya, umelala upande, hauna mstari. Akaisukuma penseli yake nyuma zaidi ya sikio.

Walikula mayai yaliyobaki, wanne sasa, juu ya ngazi ya mwisho. Chini yao mji ulitandaza mabati, matangi, hospitali yenye dirisha lake la kona ambalo Nesi alilitambua, na kijito chembamba cha magari. Fundi alitafuta mabango yake. Hakuliona hata moja. Kutoka pale juu mji ulikuwa hauna herufi. Hakuna palipoandikwa marufuku. Alikaa akiutazama hivyo, mdomo umejaa mkate, mpaka Kinyozi akamuuliza kama amebanwa na yai.

Alhamisi baraza lilikaa. Wakili wa Mwenye Majumba alisimama akasema watu watatu si umma, ni bahati mbaya. Fundi naye alisimama, chini safari hii, akaeleza bango lilivyotengenezwa, mbele ya wote; wapo waliomzomea, na waliozomea zaidi ni wale waliolala Jumapili. Baraza, kama kawaida yake, halikukataa wala kukubali. Limetoa siku thelathini nyingine, litazame daftari upya. Mlinzi bado yuko langoni, anakunywa dawa, habweki tena. Barua ya kumfukuza imeshaandikwa, lakini dereva aliyepewa aipeleke anaogopa mbwa.

Siku kumi na sita kati ya hizo zimekwenda. Tangu Alhamisi ile daftari lina majina tisa, matatu kati yake ya Kinyozi. Wakili anayahesabu, na anacheka.

Kwa hiyo usiniambie habari ya homa ya mtoto. Mtoto mbebe. Mgeni aliyekuja, panda naye. Kesho ni Jumapili. Saa moja asubuhi, nyuma ya tangi la maji. Sasa hivi, kabla hujaiweka karatasi hii chini, kavute viatu vyako chini ya kitanda, uviweke mlangoni, kisha ukagonge kwa jirani yako umwambie naye atoe vyake. Nenda. Usimalize chai.